Hewa Tunayoivuta Mpanda

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Ilembo, Mpanda)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya, ikaniachia mwenyewe kuchagua jambo la kusema. Nimechagua hewa. Najua baadhi yenu mtashangaa. Mpanda haina viwanda vikubwa, wala haina misururu ya magari kama Dar es Salaam. Misitu ya miombo imetuzunguka, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi ni jirani yetu. Kwa nini basi mtu asimame hapa kusema habari za hewa chafu, badala ya kusema juu ya malaria au maji?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili asiwepo wa kusema kwamba nimemzungusha. Hewa inayowadhuru watu wa mji huu haitoki mbali. Sehemu yake kubwa hutoka katika moto tunaouwasha sisi wenyewe: jikoni, nyuma ya nyumba, tanurini na mashambani. Kwa kuwa sisi ndio tunaouwasha, sisi pia ndio tunaoweza kuupunguza. Na mwisho wa maneno yangu nitakiomba chama hiki jambo moja lenye gharama. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize kama watu watakaotakiwa kuamua, wala si kama watu wanaosubiri chakula.

HEWA CHAFU NI KITU GANI?

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu mzima hunywa maji lita mbili au tatu kwa siku. Lakini hewa anayoivuta kwa siku hiyo hiyo ni kama lita 10,000. Maji tunaweza kuyachagua. Tukiona yana tope tutayachuja, tukiyatilia shaka tutayachemsha, na tukiyakosa tutavumilia saa kadhaa mpaka yapatikane. Hewa haina nafasi hiyo. Mtu hawezi kusema, "Nitasubiri mpaka moshi upite ndipo nivute pumzi." Huvuta iliyopo, usiku na mchana, akiwa macho na akiwa usingizini.

Ndani ya hewa hiyo yamo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni chembechembe, yaani vumbi na masizi. La pili ni gesi zenye sumu.

Chembe za vumbi hazilingani. Zile kubwa hunaswa na vinyweleo na kamasi za puani, na ndiyo maana mtu akipenga baada ya safari ya barabara ya vumbi huona rangi ya udongo. Hizo zinaudhi, lakini mwili una namna ya kuzizuia. Zinazotisha ni zile ndogo zaidi, ambazo upana wake hauzidi maikroni 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa karibu maikroni 70. Kwa hiyo chembe hizo zinaweza kupangwa karibu thelathini katika upana wa unywele mmoja. Pua haiziwezi. Hupita kooni, zikaingia mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu mahali ambapo damu hupokea hewa, na nyingine huingia katika damu yenyewe. Moshi wa kuni, wa mkaa, wa takataka na wa dizeli umejaa chembe za aina hiyo.

Vijana wa sayansi mmefundishwa kwamba kuni zikiungua sawasawa, kwa hewa ya kutosha, hutoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Lakini ni nani kati yetu aliyeona mafiga yakiunguza kuni sawasawa? Kuni mbichi, hewa kidogo, sufuria kubwa iliyoukalia moto: hapo kuni haziungui zikaisha, bali hutoa masizi, gesi za kuwasha macho, na ile gesi ya kaboni monoksaidi ambayo nitairudia baadaye kwa sababu inaua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mipya mwaka 2021. Linasema kwamba wastani wa chembe hizo ndogo kwa mwaka mzima usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2005, kiwango kilikuwa 10. Wataalamu walikishusha kwa sababu waliona madhara hata pale ambapo zamani walidhani ni salama. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi wa jiko unaweza kufikisha chembe hizo mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Mara mia moja! Na huyo aliyeinama juu ya sufuria, akiwa na mtoto mgongoni, hakuwahi kufanya kazi hata siku moja katika kiwanda.

FUNZO LA LONDON

Wapo wanaoamini kwamba moshi wa nyumbani ni kitu kidogo, na kwamba hewa haiwezi kuharibika mpaka pawepo mabomba marefu ya viwanda. Hao nawakumbusha yaliyotokea Uingereza mwaka 1952. Tarehe 5 Desemba mwaka huo baridi kali iliushika mji wa London. Hewa ya baridi ilikaa chini, hewa ya moto ikakaa juu yake kama kifuniko, na upepo ukakosekana. Watu wakaongeza makaa ya mawe katika meko za nyumbani ili wapate joto. Moshi wa meko hizo, pamoja na ule wa viwanda na mitambo ya umeme, haukuwa na pa kwenda. Kwa siku tano mji ulikuwa gizani mchana. Wakati ule ilikadiriwa kwamba watu 4,000 walikufa. Uchunguzi wa baadaye umefikisha makadirio hayo kwenye watu 12,000.

Waingereza walifanya nini? Mwaka 1956 Bunge lao lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Sheria hiyo haikuishia kwenye viwanda. Iligusa meko za watu majumbani, ikaweka maeneo ambamo moshi hauruhusiwi, na wenye nyumba wakasaidiwa fedha za kubadili meko zao. Shikeni neno hilo la kusaidiwa, kwa maana nitalihitaji baadaye.

HALI YA MPANDA

Sasa turudi kwetu. Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Kwa ajili ya madini hayo ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua, ikafika hapa mwaka 1950. Migodi ile ya risasi ilikwisha kufungwa zamani, lakini reli ilibaki, na watu wakaendelea kuja. Mwaka 2012 tulipata mkoa wetu wa Katavi, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Sensa ya mwaka huo iliukuta mkoa mzima una watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Kwa miaka kumi tumezidi mara mbili.

Kila familia iliyoongezeka imekuja na mafiga yake au jiko lake la mkaa. Zamani nyumba zilikuwa mbali mbali, na moshi wa mmoja ulipotea kabla ya kumfikia jirani. Leo hapa Ilembo, Makanyagio, Nsemulwa na Kawajense nyumba zimebanana. Moshi wa jioni wa nyumba moja huingia dirishani mwa nyumba ya pili, na mwenye jiko la gesi hupumua kuni za mwenzake.

Hali hii huwa mbaya zaidi kiangazi. Kuanzia mwezi wa Mei mvua hukoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi. Vijana mnaoamka alfajiri mmekwisha kuona utando mweupe uliolala chini, juu ya mapaa, mpaka jua lipande. Wengi huuita ukungu. Ukiunusa utajua kwamba si ukungu mtupu: ni moshi wa jana usiku na wa asubuhi hiyo, umezuiwa na hewa ya baridi kwa namna ile ile niliyoieleza ya London, ingawa kwa kiasi kidogo.

Moshi huo hutoka wapi? Nitataja mahali pachache.

Kwanza ni jikoni, na hapa ndipo mtu hukaa karibu zaidi na moshi, kwa muda mrefu zaidi, kila siku ya maisha yake.

Pili ni moto wa takataka. Tunafagia ua, tunakusanya majani pamoja na mifuko ya plastiki, chupa na vipande vya mpira, kisha tunatia kiberiti. Tunasema tumesafisha. Kwa kweli tumeihamisha takataka kutoka uani kwenda mapafuni, na plastiki inapoungua hutoa sumu ambazo majani matupu hayana.

Tatu ni moto wa mashamba na misitu, tanuri za matofali, na mabani ya kukaushia tumbaku. Tumbaku imewapatia wengi wetu ada ya shule, wala sisimami hapa kuwasuta wazee wetu. Lakini bani hula magogo mengi ya miombo, na wanaolilinda usiku na mchana ni watu wenye mapafu.

Nne ni vumbi la barabara. Tunashukuru kwamba lami imetuunganisha na Sumbawanga na Tabora. Lakini mitaa mingi bado ni ya udongo, na pikipiki na magari hupita mbele ya wauza chakula siku nzima.

Tano ni machimbo ya dhahabu yanayouzunguka mji wetu. Hapa pana hatari mbili. Karasha la kusagia mawe hutoa vumbi la silika, ambalo hukwaruza mapafu na kuacha makovu yasiyopona, na mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Hatari ya pili ni zebaki. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huichoma ile donge ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Zebaki haipotei. Inakuwa mvuke usio na rangi wala harufu, unaoingia kifuani mwa mchomaji na wa watu walio karibu, na hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito na mtoto ndio wanaoumia zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba haupulizi mvuke ukaondoka. Ndugu zetu walioko machimboni, wasichome zebaki ndani ya nyumba wanamolala, wala kwenye kikaango cha chakula, na watumie chombo kilichofungwa ambacho huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Chombo hicho hulinda uhai na pia huokoa fedha.

NI NANI ANAYEUMIA?

Ndugu Mwenyekiti, ugonjwa wa hewa chafu hauandikwi hivyo katika cheti cha hospitali. Mtoto huandikiwa nimonia. Mama huandikiwa kikohozi cha muda mrefu au mtoto wa jicho. Mzee huandikiwa kiharusi au ugonjwa wa moyo. Moshi hautajwi, kama mwizi aliyeondoka kabla ya watu kuamka. Lakini wataalamu wameufuata nyayo zake. Mtoto mdogo anayeishi katika moshi wa jikoni anakaribia kuwa katika hatari mara mbili ya kupata nimonia kuliko mtoto asiyeishi humo. Magonjwa ya moyo, kiharusi, kansa ya mapafu na kifua kisichopitisha hewa vizuri yote yamehusishwa na moshi huo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapa kwetu, takwimu inayotajwa na Serikali ni kwamba Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya hewa chafu itokanayo na kupikia. Tukigawa kwa siku 365, ni watu 90 kila siku. Kama basi moja lingepinduka kila siku katika nchi hii na kuua watu 90, redio isingezungumza jambo lingine.

Na nirudie ile gesi ya kaboni monoksaidi, hasa kwa ninyi vijana, kwa maana mtaondoka hapa mwende kupanga vyumba mijini. Gesi hii haionekani wala hainuki. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hubeba sumu badala ya kubeba uhai. Jiko la mkaa linalowaka vizuri, lisilo na moshi hata kidogo, ndilo linalodanganya watu. Mtu huliingiza chumbani usiku wa baridi, hufunga mlango na dirisha, huona raha ya joto, hulala, na asubuhi haamki. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa gesi hii. Jiko la mkaa lisilazwe ndani na watu, asilani. Mkisahau mengine yote niliyosema leo, hili lishikeni.

TULIKWISHA KUFANYA JAMBO KAMA HILI

Wengine watasema: hayo ni makubwa, yanahitaji Serikali na wafadhili. Sikatai kwamba Serikali ina kazi yake. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Mwezi wa Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Aidha, Serikali imeagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Maagizo yapo. Swali ni nani atakayeyashusha kutoka kwenye karatasi mpaka jikoni.

Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vitabu vidogo pamoja, kisha wakasimama wakafanya kazi. Walichimba vyoo, walifyeka majani yaliyozunguka nyumba, walifukia madimbwi ya mbu, walijifunza kuchemsha maji. Hawakungoja daktari kwa kila kaya. Walielezwa chanzo cha ugonjwa kwa lugha wanayoielewa, wakapewa kazi ambayo mikono yao inaiweza, wakaifanya kwa pamoja.

Maji yalipata kampeni yake, na choo kilipata kampeni yake. Hewa bado inangoja. Tumewafundisha watu kuogopa maji machafu hata yanapoonekana safi, lakini hatujawafundisha kuogopa moshi hata unapowatoa machozi.

YAPI TUNAYAWEZA?

Mtu mwenye kipato kidogo tusimwambie tu, "Nunua gesi." Anajua gesi ni nzuri. Anajua pia kwamba mkaa huuzwa kwa kopo, na mtungi wa gesi haujazwi kwa kopo. Kwa hiyo tuyapange mambo kwa ngazi, kila mmoja apande ile anayoiweza.

Anayepikia kuni na hana njia nyingine, akaushe kuni zake vizuri kabla ya kuzitumia, kwa maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Apikie nje, au penye banda lililo wazi pande mbili. Maharage na mahindi ya makande yalowekwe tangu usiku, yataiva upesi na moto utapungua. Sufuria ifunikwe. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika, akipatikana wa kumshika. Hayo hayana bei.

Mwenye uwezo kidogo ajenge jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Lakini tusijidanganye: jiko banifu hupunguza moshi, haliumalizi, na bomba huutoa jikoni na kuupeleka nje. Ni hatua, si mwisho wa safari.

Mwenye mshahara, na hapa nawatazama wenzangu wengi, hana sababu ya kubaki na mkaa. Anunue jiko la gesi au sufuria ya umeme ya presha, ambayo huivisha maharage kwa umeme mdogo kuliko watu wanavyodhani. Na asiishie kwake. Anamtumia mama yake kijijini fedha za sukari na vitenge. Amtumie pia jiko, na amjazie mtungi unapokwisha.

Sote tuache kuchoma takataka. Majani yafukiwe shimoni yawe mbolea, na plastiki itengwe ipelekwe jalalani.

Msifikiri kwamba hewa haisikii maamuzi ya watu. Kwa miaka mingi dunia ilitia risasi katika petroli, madini yale yale yaliyouleta mji wetu, na risasi hiyo ilitoka kwenye magari ikaingia katika ubongo wa watoto. Ikaamuliwa iondolewe. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikwisha kuiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza, iliacha mwaka 2021. Palikuwa na waliosema haiwezekani. Imewezekana.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Sasa nafika kwenye ombi nililoliahidi. Nimesikia mapendekezo mengi juu ya fedha tutakazochanga mwaka huu. Wapo wanaotaka lango jipya lenye jina la shule. Wapo wanaotaka jukwaa la uwanjani. Yote ni mema. Mimi napendekeza kwamba kabla ya lango na kabla ya jukwaa, tulibadili jiko la shule.

Kila mmoja wetu alikula chakula kilichopikwa katika moshi. Tuliimba tukiwa tumeshiba, na wapishi walikohoa. Jiko la shule ya bweni, kama majiko mengi ya shule nchini, huwaka kabla ya jua kuchomoza kwa ajili ya uji, na huzimika baada ya chakula cha jioni. Mwanafunzi hupita hapo miaka minne au sita akaondoka. Mpishi hubaki. Hao akina mama na akina baba hawamo katika picha za mahafali, na majina yao hayamo katika vibao vya ukumbini, lakini hakuna mtihani uliowahi kufaulu na njaa. Tunawadai shukrani, na shukrani bora kwa mtu anayekohoa ni kumwondolea kinachomkohoza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati ishirikiane na Mkuu wa Shule na mafundi wanaojua kazi hii, ichague nishati inayofaa kwa sufuria kubwa za shule na ilete hesabu ya gharama mbele ya wanachama. Pili, mchango wetu usiwe wa kununua majiko tu. Majiko ya gesi yenye mtungi mtupu ni pambo. Tuweke mfuko utakaoisaidia shule kulipia nishati kila muhula, mpaka bajeti yake iweze kuubeba mzigo huo yenyewe. Waingereza hawakuwaamuru watu waache makaa ya mawe na kuwaacha hivyo hivyo, waliwasaidia. Tatu, wapishi wenyewe waitwe na kusikilizwa kabla ya kununua chochote, kwa maana jiko lisilokubaliwa na mpishi litawekwa stoo, na mafiga yatarudi.

Na ninyi wanafunzi, kazi yenu ipo. Klabu yenu ya sayansi iweke daftari. Kila siku mwandike kuni zilizotumika jikoni, hali ya hewa ya asubuhi, na ni wanafunzi wangapi waliokwenda zahanati kwa kikohozi. Mfanye hivyo mwaka mmoja kabla ya kubadili jiko na mwaka mmoja baada yake. Daftari hilo litatuambia ukweli kuliko hotuba yangu. Likionyesha kwamba mambo yamekuwa mema, shule nyingine za Katavi zitakuja kulisoma. Likionyesha kwamba tulikosea mahali, tutajua mahali pa kurekebisha.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Chama hiki kina madaktari, walimu, wahandisi, wafanyabiashara na wakulima. Hakuna tunachokikosa isipokuwa uamuzi. Naomba ombi hili liwekwe katika ajenda ya mchana wa leo, lijadiliwe, na lipigiwe kura kabla hatujatawanyika.